Simu Tatu za Ijumaa

Kabla hamjamlaumu mtu mwingine, nilaumuni mimi. Naitwa Garnet, mpishi wa nyumba ya wazee huku milimani, na mdomo wangu umeshanifukuzisha makanisa mawili. Tressa Caudill alikuwa mhudumu pale pale kwetu, miaka kumi na tisa akiosha, akigeuza na kulisha wazazi wa watu wengine. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: nafasi ya kusomea uuguzi kwenye chuo cha jamii kule bondeni.

Wapo wanaosema mhudumu na nesi ni mamoja. Waongo! Asubuhi moja Tressa alimtazama mzee Hobert, aliyechimba makaa ya mawe mpaka mapafu yakamwisha, akaona mdomo wake umepinda kidogo upande mmoja. Akamkimbilia nesi wa zamu, msichana wa miaka ishirini na miwili.

"Dada, Hobert ana kiharusi."

"Kakwambia nani? Wewe niandikie amekula kiasi gani. Mengine niachie mimi."

Nesi alikwenda baada ya dakika arobaini. Mkono wa kulia wa Hobert haujanyanyuka tena tangu siku hiyo. Tressa akaja jikoni kwangu, akasimama karibu na friji, akalia mpaka aproni yangu ikalowa.

"Nilijua, Garnet," akasema. "Nilijua kabisa, na kazi yangu si kujua."

Kesho yake alikwenda kuchukua fomu.

Sasa msidhani unajaza fomu ukaingia. Kwanza ufaulu sayansi: mwili wa binadamu sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, halafu vijidudu, halafu hesabu. Tressa alikuwa anasoma somo moja moja, jioni, maana mchana yuko kazini na nyumbani yupo mama yake, Zella, ambaye figo zilikuwa zimegoma na mara tatu kwa wiki apelekwe kusafishwa damu. Mwaka mmoja mzima hakusoma kitu. Zella alikuwa mtu wa maneno mengi kama mimi, na tulipendana tukigombana. Alikuwa akimtangaza mwanawe kanisani: "Tressa wangu anakuwa nesi!" Basi Tressa anainama, uso mwekundu.

Saa za mapumziko mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake. Namgonga gotini kwa mwiko.

"Mfupa gani huu?"

"Patela."

"Na hapa kiunoni?"

"Garnet, hapo umejigonga mwenyewe, na hapo hakuna mfupa, ni mafuta tu."

Tulicheka mpaka bosi akachungulia. Zella alifariki Januari ya mwaka jana, wiki moja baada ya Tressa kupata A ya vijidudu. Tulimzika kwenye kilima chao, ardhi imeganda hata majembe yanalia. Jumatatu Tressa alikuwa kazini, anamgeuza Hobert.

Akaomba chuo mwaka ule ule, akakosa kwa pointi mbili. Nafasi ni arobaini, waombaji mia mbili na zaidi, na wanakupanga kwa alama zako kama mbio za farasi. Mwaka huu akaomba tena. Julai barua ikaja, akanisomea jikoni: yeye ni wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Akijitoa mtu yeyote kati ya wale arobaini kabla ya masomo kuanza, watampigia simu. Watapiga mara tatu ndani ya masaa mawili. Asipopatikana, wanakwenda kwa wa pili.

"Na nisipoitwa mwaka huu," akasema, "somo la mwili linakuwa limepitwa na wakati. Hawapokei lililozidi miaka mitano. Nirudie sehemu zote mbili, kisha nianze kupanga foleni upya."

"Kwani Mungu ameongeza mbavu ndani ya miaka mitano?"

"Waulize wao."

Agosti ikaenda, siku moja moja, simu kimya. Ikabaki Ijumaa moja kabla ya Jumatatu ya kuanza.

Hapa lazima niwaeleze habari ya simu kwetu. Simu huku ni balaa. Mara wanakuuzia bima ya gari ambalo uliliuza zamani, mara mkanda wa mgongo, mara wanakwambia mjukuu wako yuko jela na wewe hata mtoto hujazaa. Namba za milimani kwetu zote huanza na sita-sifuri-sita. Ikiita namba nyingine usiyoijua, unakata. Tumefundishana hivyo wenyewe, mkubwa kwa mdogo. Na mimi katika kukata nilikuwa bingwa, najisifu kabisa.

Ijumaa ile wakaguzi wa serikali wakaingia bila hodi. Bosi akatangaza kwamba mhudumu atakayeonekana na simu wodini aende nyumbani moja kwa moja. Tressa akaniletea yake.

"Garnet, ikiita sita-sifuri-sita, njoo uniite. Hata kama nimemshika mtu uchi, niite."

"Nitakuja mbio na mwiko mkononi, mama. Nenda."

Saa tatu na dakika tano ikaita. Nikaitazama: namba ya mbali, ya mjini huko. Nikasema, "Shindwe!" nikakata. Saa nne kasoro robo ikaita tena, namba ile ile. Nilikuwa nakoroga mchuzi wa unga, nikaiambia simu, "Nyie watu hamna mama zenu?" Nikakata. Saa nne na nusu ikaita mara ya tatu, na mkaguzi mmoja kaingiza kichwa ndani ya friji yangu na kipimajoto chake. Nikaikata kwa kidole gumba humo humo mfukoni, hata sikuitoa. Nikajiona mjanja kweli. Ee Mungu wangu, nilijiona mjanja!

Saa tano na nusu Tressa akaja kurudisha trei.

"Wamepiga?"

"Wapi! Ni wale wezi wa bima tu. Mara tatu, namba moja, wamenikera."

Akachukua simu, akaangalia. Hakupiga kelele. Akasema polepole, "Wale hawarudii namba moja, Garnet. Kila mara wanabadilisha."

Ni kweli. Kila mtu huku anajua, na mimi bingwa nilijua kuliko wote.

Akapiga. Akapokea mwanamke, na nyuma yake mtoto anakohoa. Alikuwa wa ofisi ya usajili ya chuo. Mtoto wake alikuwa mgonjwa, akabaki nyumbani, akafanya kazi kwa simu yake mwenyewe, aliyohamia nayo huku kutoka mjini. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia kila neno.

"Bi Caudill, nimekutafuta tangu saa tatu. Nimengoja mpaka saa tano na dakika tano. Ilibidi nimpigie wa pili. Amekubali."

Dakika ishirini na tano. Nilikuwa nakatakata vitunguu dakika hizo.

Nikavua aproni, nikamwambia mwenzangu wa jikoni maharage na mkate wa mahindi ni juu yake, wakaguzi na wao watajijua. Nikamwingiza Tressa kwenye gari langu. Njia nzima nilikuwa naongea: tutawaeleza, watu wazima wanaelewana, mimi ndiye nitakayesema. Yeye alikaa amepakata simu na mikono yote miwili. Nikamwambia, "Nitukane basi." Akasema, "Tazama barabara, Garnet."

Mkuu wa idara ya uuguzi alitupokea mwenyewe. Mama wa makamo, mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Angekuwa mkali ningemweza.

"Mimi ndiye niliyekata," nikasema kabla hata hajatuambia kaeni. "Huyu alikuwa anawalisha wazee. Mimi ndiye mjinga. Niadhibuni mimi, mfanyeni nesi yeye! Mnajua anajua nini? Amekiona kiharusi kabla ya nesi wenu mwenye cheti!"

"Naamini, mama."

"Basi mwongezeeni kiti. Kiti kimoja! Nitakileta mwenyewe kutoka nyumbani!"

"Hospitali zinazowapokea kwa mazoezi zinapokea arobaini tu. Siwezi kuongeza hata mmoja." Akamgeukia Tressa. "Mwenzetu alijaribu kukuachia ujumbe wa sauti, mara zote tatu. Kama angeweza kuuacha, ungempigia ukamwahi. Lakini kisanduku chako cha ujumbe kimejaa, hakipokei."

Nikamtazama Tressa. "Kimejaa nini?"

Yeye alikuwa anaangalia sakafu.

"Pointi zako ni nzuri sana," akasema yule mama. "Rudia sehemu ya kwanza na ya pili, uombe tena. Nakuomba usikate tamaa."

Mimi nikafungua mdomo tena, nikitaka wampigie yule wa pili wamwambie kulikuwa na makosa. Tressa akanishika mkono.

"Tosha, Garnet. Huyo mtu sasa hivi anaruka ruka jikoni kwake. Ameshamwambia na mama yake. Twende."

Akamshukuru mkuu wa idara. Alimshukuru! Mimi nilitoka bila kuaga, maana ningesema jambo.

Tulikaa ndani ya gari, jua la mchana linapiga kioo, wanafunzi wanapita na mabegi mapya. Nilisubiri alie. Badala yake akafungua ile simu, akaiweka juu ya paja, akabonyeza, na Zella akaanza kuongea ndani ya gari langu.

"Tressa, ni mama yako. Mbwa wa jirani kaingia tena kwenye kuku. Mimi nitampiga risasi, nakwambia mapema usije ukasema sikusema."

Nywele zilinisimama. Mwaka na nusu yuko kaburini, na huyo hapo, sauti yake ile ile, anagombana na mbwa.

Ujumbe ishirini na tisa. Wote wa Zella. Tangu amzike, Tressa hakufuta hata mmoja, na hakuna mwingine aliyepata pa kuingia.

Zella akamaliza habari ya mbwa. Tressa akabonyeza, akafuta. Akafungua wa pili: Zella anataka maziwa, si yale ya juzi, yale ya juzi yalikuwa maji. Akafuta. Wa tatu, Zella anauliza ile dawa nyeupe ni moja au mbili. Akafuta.

"Unafanya nini, wewe?" nikasema.

"Wakinipigia tena siku moja, wapate pa kusemea."

"Tressa, hiyo ni miaka miwili kutoka sasa! Nunua simu nyingine! Nitakununulia mimi!"

Akatikisa kichwa. Machozi sasa yalikuwa yanamtoka, lakini kidole hakikusimama. Ananiachia nisikie mmoja mpaka mwisho, anafuta, anakwenda kwa mwingine. Zella anaimba nusu ya wimbo wa kanisa kwa sababu amesahau alichopigia. Zella anasema theluji imeanza, endesha taratibu. Nililia kwa sauti kama mtoto, nimeegemea usukani, mpaka honi ikalia na watu wakageuka.

Ukabaki mmoja.

"Tressa, ni mimi. Hupokei, basi uko darasani. Usinipigie. Nimekula, nimemeza dawa, sina shida yoyote. Wewe soma, mwanangu."

Nikamshika mkono. "Uache huo. Kwa ajili ya Mungu, uache huo mmoja tu."

"Nikiuacha huu, Garnet, sitaweza kurudi darasani. Nitakuwa nakaa nausikiliza."

Akautoa mkono wangu taratibu, vile anavyowatoa wazee wanaomng'ang'ania kitandani, akausikiliza mara moja zaidi, akafuta.