Mafundi wa Sare kwenye Safu ya Vitisho

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nalisema mapema ili mtu asidhani nilionewa siku ile ya mkutano pale Kihesa, Iringa. Sikuonewa. Nilijitakia mwenyewe.

Chama chetu ni kidogo. Kazi yake ni kuwashawishi watu wa Iringa na Mbeya wanunue nguo zinazodumu, warekebishe walizonazo, waache kuzitupa mitaroni. Nusu ya wanachama ni watu wa ofisini kama mimi, mratibu. Nusu nyingine ni mafundi cherehani wa Iyunga, kule Mbeya, na hao ndio hasa wanaojua nguo. Bila wao tungebaki watu wa semina. Mwaka huo tulitakiwa kuandika mpango mkakati wa miaka mitano, na katiba yetu inasema mpango haupiti bila sahihi ya kiongozi wa mafundi.

Rasimu niliiandika peke yangu. Mafundi niliwaambia kwa simu, "Tutawajulisha," kisha sikuwajulisha. Lengo la kwanza niliona limekaa vizuri kabisa: kupiga vita sare. Huku kwetu kila jambo lina sare yake. Harusi, kitenge kipya. Kipaimara, kitenge kipya. Mtu akifa, mwaka ukitimia tukienda kujengea kaburi, ukoo mzima kitenge kipya, na kikishavaliwa siku hiyo moja kinakwenda kulala chini ya kabati. Vyangu vya namna hiyo vimejaza sanduku zima.

Sasa sikiliza kituko. Kwa ajili ya mkutano wa kupiga vita sare, tulishona sare.

Nani alipendekeza? Mimi. Niliwaza kuwa tutapiga picha, basi tupendeze. Tukachagua kitenge cha kijani chenye maua ya njano, tukashonesha kwa fundi wa jirani, haraka haraka, na kati yetu sita wa ofisini hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Ukikulia kwenye sare, huioni.

Kiongozi wa mafundi aliingia ukumbini mwenyekiti akimalizia sala ya kufungua. Ni mama mwembamba, mkubwa kwangu kidogo, na sweta lake lilikuwa na viraka viwikoni vilivyotiwa kwa ustadi mpaka vinapendeza. Alikuwa amesafiri kutoka Mbeya tangu jana yake. Alisimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja, sote sita, kijani kitupu.

"Kamwene, mama," nikamsalimu kwa uchangamfu.

Alikuwa anasoma ukutani.

Ukutani nilikuwa nimebandika karatasi kubwa yenye safu nne, kama mipango inavyotaka: Nguvu, Udhaifu, Fursa, Vitisho. Nilikuwa nimeshazijaza zote ili kuokoa muda. Chini ya Vitisho, kwa kalamu nyekundu, kwa huu mwandiko wangu ninaojisifia, niliandika: Mafundi wanaoishi kwa kushona sare.

Aliyasoma maneno hayo kwa sauti. Akayarudia.

"Nani kaandika hii?"

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu asiyependa ugomvi, akakohoa. "Mama, karibu kwanza ukae, chai ipo..."

"Chai nimekunywa, Mwalimu. Nauliza nani kaandika."

"Mimi," nikasema. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali, lakini nilikuwa nimeshikwa pabaya, nikaongeza kwa ukali, "Ila mama, tuseme ukweli. Si ndiyo kazi yenu inayojaza vitambaa kwenye makabati ya watu?"

"Ndiyo. Na ndiyo inasomesha watoto wangu pale Iyunga, mimi na wenzangu. Labda una sababu ya kutaka tuache. Ila ulituuliza? Na hiyo uliyovaa wewe umeshona ya nini?"

Wenzangu walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Akanisogelea, akashika upindo wa gauni langu bila kuomba ruhusa, akaugeuza. "Ona. Fundi wenu hajaacha kitambaa cha akiba hata cha kidole. Ukinenepa kidogo tu, basi, huvai tena. Mimi sishonagi hivi, hata sare ya msiba. Naachaga akiba pande zote, mwakani mwenye nguo akitaka kupanua, akitaka kugeuza iwe sketi, inakubali. Hayo ningewaambia. Mngeniuliza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwenyekiti akamsogezea rasimu, ukurasa wa sahihi ukiwa juu. Akaisukuma. "Sisaini. Narudi nikawaambie wenzangu kwamba sisi ni vitisho. Wakisema tutoke kwenye chama, tunatoka."

Nilimfuata nje. Kwanza nilijitetea, kisha nikamwomba radhi. Alinisikiliza akiwa ameangalia barabarani.

"Hilo gauni nipe," akasema.

"Gauni?"

"Nipe nikalitazame kama lina msaada."

Nikaazima kanga kwa mama aliyekuwa anatupikia, nikaenda kuvua. Akalikunja gauni, akalitia kwenye mfuko wake, akaenda zake stendi.

Wiki tatu zilizofuata nilikuwa wa kumpigia simu. Kila nikipiga simu jibu lilikuwa moja: "Bado tunaongea." Mafundi wakitoka, chama kimekufa, na aliyekiua ni mimi. Hilo nililijua na lilinitesa.

Siku ya mkutano wa pili nilivaa sketi yangu ya zamani. Karatasi ile niliibandika tena mahali pale pale, maana nilitaka niyafute maneno yale mbele yao. Saa nne ikafika, hakuna mtu kutoka Mbeya. Saa tano. Mwenyekiti akaanza kukusanya karatasi zake taratibu, na mimi sikumzuia.

Ndipo mafundi wakaingia, wanne. Yule mama alikuwa mbele, amevaa blauzi ya kijani yenye maua ya njano.

"Kitenge chako kimetosha blauzi tu, tena ya mtu mwembamba," akaniambia. "Kingekuwa na akiba, ningekurudishia."

Sikujua nicheke au nilie. Nikachukua kalamu, nikaenda moja kwa moja ukutani kwenye safu ya Vitisho.

"Usifute," akasema.

Nikageuka.

"Acha palepale. Mkitusahau tena, kitisho ndicho tutakachokuwa." Akavuta kiti changu, akakaa, akawaonyesha wenzake nafasi za kukaa. "Haya. Lengo la kwanza. Mratibu, andika ninavyosema."

Nikatafuta kiti kingine, nikaandika.