Korongo Nililokataa Kulisainia

Siku yangu ya kwanza kazini, pale soko la mahindi Kibaigwa, Bwana Afya Mkuu alinikabidhi buti na filimbi. "Binti, sheria ndogo unazo kichwani?" Ndizo zile zinazotungwa na halmashauri yenyewe. Nikasema ninazo. "Basi ziache humo kwanza. Hapa jifunze kupatana." Nikajifunza kwa madalali: anayetaja bei ya mwisho mapema, ameliwa.

Baadaye nikahamishiwa halmashauri nyingine, nikapanda hadi Afisa Mazingira. Kabla ya kibali cha kuchimba mchanga kutolewa, ilinibidi nikague mahali na kuandika maoni. Ndiyo maana Mkurugenzi aliniita kwa upole usio wa kawaida siku alipotaka nisainie korongo moja lichimbwe.

"Mji unajengwa, Mama Mazingira. Nyumba haziinuki kwa majani."

Nikamwomba twende tukaone, na mkandarasi wake aliyeomba kibali aje. Kiangazi korongo huonekana kavu, kumbe mchanga umeshika maji. Wanawake hufukua kwa mikono, wakateka kwa kata. Mama Mwaja, mwenyekiti wa kamati ya maji, alitupeleka kwanza pale malori yalipokuwa yamekomba mchanga kwa wizi. Akafukua, akagota udongo mgumu. Hata unyevunyevu hakuna. Akasogea penye mchanga, akafukua tena. Kiwiko hakijazama, maji hayo.

"Mchanga utarudi mvua zikinyesha," mkandarasi akasema.

"Basi na wewe mwanangu, rudi mvua zikinyesha," Mama Mwaja akamjibu.

Mkandarasi akanigeukia mimi. Alianza na korongo zima, akashuka nusu, akashuka robo. Kila aliposhuka nilimsifu kwamba anashuka vizuri.

"Haya mama, bei yako?"

"Sitoi hata koleo moja."

Mkurugenzi akanivuta kando. "Nitakuhamisha."

"Nihamishe, Mkurugenzi. Mimi nahamishika. Korongo halihamishiki."

Niliandika "Sipendekezi", nikapigia mstari, nikapigia na wa pili. Wiki haikuisha, nikapelekwa kusimamia vyoo vya stendi, na huko ndiko nilikostaafia. Lakini maoni yangu yalikuwa yameshafika kwenye kikao cha madiwani, nao wakamnyima mkandarasi kibali.

Wanangu mnaoingia kazini, mtaambiwa nilikuwa mkaidi, kwamba ningekubali ile robo ningestaafu na cheo. Ni kweli tupu. Kiangazi hiki nilikwenda kumsalimia Mama Mwaja. Akafukua palepale penye mchanga, akanipa maji, nikanywa, nikaomba tena. Hicho cheo walichoninyima, nani angekinywa?