Mahindi Kwenye Mstari wa Maharagwe

Harufu ya kijiti cha mti wa muwati kinachochomwa kwa msumari wa moto ndiyo harufu ya shule yangu ya kwanza. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, huku Kibugu, serikali ya mkoloni ilipotutoa mashambani na kutubana katika kijiji kimoja chenye handaki pande zote. Vitabu havikuwapo. Mwalimu wetu, Nyaga, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, hakukaa kulalamika. Alisema kusoma si somo la asubuhi peke yake. Kwenye hesabu tulisoma swali kwa sauti na kulieleza kwa maneno yetu kabla ya kugusa tarakimu. Kwenye kilimo, kila mstari wa bustani ulikuwa na kijiti kilichochomwa jina la mmea, na hukushika jembe kabla hujakisoma. Haba na haba hujaza kibaba; herufi ziliniingia nikiwa na matope miguuni.

Shida ilikuwa nyumbani. Kila asubuhi homugadi, askari wa kijijini wa mkoloni, waliwatoa kina mama kwenda kuchimba handaki, na mdogo wangu Njiru hakuwa na mlezi ila mimi. Nilimbeba mgongoni hadi darasani, naye akianza kulia, hata Mwalimu Nyaga hasikiki. Mama akaamua kuja kuniona nikisoma. Nikishindwa, nibaki nyumbani na mtoto. 

Alikuja asubuhi moja baada ya mvua kubwa, kabla homugadi hawajawaita kina mama. Mwalimu alitupeleka bustanini, akaniambia nisome kijiti cha kwanza. Nikasoma, "Mahindi." Mama akatazama majani, akashika kiuno.

"Ngai! Mahindi gani hii? Mtoto wa mkulima hajui maharagwe?"

Maharagwe niliyaona vizuri. Hata hivyo nilisema, "Mama, imeandikwa mahindi."

Mwalimu alicheka hadi akafuta machozi. "Mama Wanja, mvua iling'oa vijiti, watoto wakavirudisha ovyo. Angekuwa anabahatisha, angefuata majani. Huyu anasoma."

Mama alinisogelea. Kisha akamfungua Njiru mgongoni mwangu, akamfunga mgongoni mwake. "Nitaenda na yeye handakini," akasema. "Wewe kaa hapa." Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mama siku ile.

Leo wajukuu wangu wana vitabu vya kujaza kitanda, na yuko mwalimu kijana wa sayansi anayewasomesha maelekezo kwa sauti kabla ya kuwasha moto wa jaribio. Nikimsikia, nafurahi. Handaki lilifukiwa zamani, chai imepandwa juu yake. Tukipita hapo huwaonyesha: hapa mama yangu alichimba na mtoto mgongoni, ili mgongo wangu uwe mwepesi darasani.