Miwani ya Mafuta katika Wadi ya Wanawake

Siku niliyoanza uuguzi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilitoka kwetu Mabawa kwa miguu, viatu mkononi visiingie vumbi. Matroni wa hospitali alinikagua kucha, akanipa aproni iliyopigwa wanga na kipimajoto. "Ukikivunja hiki, usinitafute," akasema.

Nilipangwa wadi ya wanawake, chini ya Sista Mkufunzi, yaani mwalimu wetu sisi wanafunzi. Alikuwa Mwingereza aliyejifunza Kiswahili kwa wagonjwa, basi akikisema kama bibi wa Kidigo.

Humo alilazwa Bibi Mwanakombo wa Tongoni, mwenye kidonda cha mguu. Alitema dawa, akatupiga vibao tulipomgusa. Katika faili lake waliandika: mkaidi, akili si timamu. Daktari Mkuu akaamuru Ijumaa ahamishiwe hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali na watu wake. Binti yake alilia pale mlangoni hadi nikashindwa kumtazama.

Jumanne nilimpelekea uji nikakaa mbele yake, dirisha likinimulika usoni. "Shikamoo, Bibi," nikasema taratibu. Akanitazama midomo, akajibu, "Marahaba, mwanangu." Wiki nzima hakuwa amemjibu mtu. Nilimfuata Sista nikamwambia, "Huyu hana wazimu. Hasikii, na macho yake yana ukungu. Tunamtokea ubavuni kama wezi."

"Una hakika?"

"Sina, Sista. Lakini naweza kukuonyesha."

Nilichukua miwani kuukuu, nikapaka vioo vyake mafuta mazito ya mgando. Nikamziba Sista masikio kwa pamba iliyolainishwa kwa nta, nikamfunga vidole kwa bandeji ili visihisi vizuri. Kisha nikamwashiria mwenzangu amletee dawa kutoka nyuma, kama tulivyozoea. Kijiko kilipomgusa mdomo, Sista alishtuka, akakipiga mkono kikaruka hadi chini ya kitanda! Nikajua nimefukuzwa.

Akavua miwani, uso umemwiva. "Basi niandikeni na mimi mkaidi," akasema.

Siku mbili zilizofuata kila mwanafunzi alivaa miwani ile, pamba na bandeji. Mmoja alimwagia shuka chai, mwingine alilia alipoambiwa ameitwa jina mara tatu asisikie. Ijumaa, Daktari Mkuu alipokuja na karatasi za uhamisho, Sista alimwomba avae kabla ya kutia saini.

"Sista, hii ni michezo ya watoto."

"Basi haitakuchukua muda, Bwana Daktari."

Alivaa. Nikasimama nyuma yake nikamwomba anyooshe mkono wa kulia. Hakusogea. Nikamwomba tena. Hakusogea. Kalamu ikamponyoka, akaipapasa mezani asiipate. Alipotoa pamba masikioni alisema neno moja tu: "Apimwe."

Tuligundua masikio ya Bibi Mwanakombo yamezibwa na nta ngumu. Tulimtia mafuta vuguvugu siku tatu, kisha tukayaosha kwa bomba dogo la kusukumia maji. Mtoto wa jicho, ule ukungu unaofunika mboni, alibaki naye, lakini nta ilipotoka Bibi aliinuka kitandani.

"Kumbe mwasema!" akapaza sauti. "Mie n'lidhani mwanicheka kwa midomo tu!"

Binti yake alimkumbatia, na sisi wanafunzi tukapiga vigelegele hadi Matroni akaja kutukemea, akaishia kucheka. Kidonda kilipopona, Bibi alirudi Tongoni kwake. Zoezi lile likawekwa katika masomo, nami nikafundisha wengine nilipohamishiwa Pangani, kisha Korogwe, hadi nikawa mkufunzi mwenyewe.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza nini kilinifurahisha zaidi. Nishani ninayo, imo kabatini. Lakini mimi humkumbuka mwanafunzi wa darasa langu la mwisho, kijana wa Kishambaa mwenye mabega mapana ya mkulima. Baada ya zoezi alibaki darasani amekaa.

"Mwalimu, naomba ruhusa ya kwenda nyumbani Lushoto."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Baba yangu. Nimekuwa nikimfokea mwaka mzima, nikidhani ananipuuza."

Nilimwandikia ruhusa palepale. Aliporudi Jumatatu alikuwa amekaukiwa na sauti. "Tumeongea siku mbili, Mwalimu," akaninong'oneza, akitabasamu. "Nimekaa mbele yake, na alikuwa na mengi ya kusema."