Kuni Zilizotafutwa Mchangani

Mlinzi wa shamba la mikaratusi alimvunja mdogo wangu mkono kwa ajili ya kuni ambazo hakuiba. Alimkuta njiani, huko Muyinga, amejitwika mzigo alioununua sokoni. Akamwita umusuma, mwizi, akampiga rungu mpaka mfupa ukalia. Majirani walikuwepo. Walitazama, kisha wakaenda zao.

“Mkono utapona, dada,” aliniambia kwenye simu. “Lakini hili jina la mwizi nitalipeleka wapi?” Tangu siku ile, akipita, watu walikuwa wanaingiza majembe ndani.

Mimi nilikuwa Gitega, mtaa wa Musinzira, nauza karanga za kukaanga. Damu ilinichemka. Nilitukana mpaka wateja wakaniacha na karanga zangu zikiungua. Sisi tumekulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, na huko mama yetu alipigwa akitafuta kuni. Leo tumerudi kwetu, tupigwe tena kwa kuni zilezile? Nikaapa kwamba nyumbani mwa mdogo wangu hakitaingia hata kijiti. Kilikuwa kiapo cha hasira tu, maana sikujua atapikia nini.

Jirani yangu wa kibanda, Mkongomani fundi wa kuchomelea, alikuwa na dishi kuukuu la setilaiti alilolibandika vipande vya kioo. Lilikusanya jua mahali pamoja, kali kiasi cha kuwasha gunia. Alikuwa amejaribu kuchemshia maji, akachoka nayo.

“Maji ikichemka inakimbia na moto yako,” akaniambia. “Mchanga iko inabaki nayo. We mama, unakaangaka karanga ndani ya mchanga kila siku, hauoni?”

Nilikuwa naona, ila sikuwahi kufikiria. Mchanga wa karanga unaunguza hata makaa yakishazimika zamani. Basi akachomelea bati jeusi, akaliinamisha pale jua lilipokutana. Tukawa tunamimina mchanga juu, unateleza kidogokidogo katikati ya ule mwanga, unaanguka ukiwa moto ndani ya pipa. Pipa lenyewe lilikaa ndani ya pipa kubwa zaidi, na katikati tulishindilia majivu na pumba za mpunga ili joto lisitoroke. Tunauchota, tunaumimina tena. Siku ya kwanza niliweka mchanga mbichi wa mtoni, ukalipuka ukanitemea usoni. Kovu ninalo shavuni mpaka leo. Nilimtukana fundi, naye akanitukana, kisha tukaenda kuanika mchanga.

Nikavipakia vyote kwenye lori la ndizi hadi Muyinga. Mimi na mdogo wangu tulimimina mchanga tangu asubuhi, na jua lilipoanza kushuka nikafukia sufuria ya maharagwe humo. Yakaiva mpaka yakawa laini, bila kuni na bila moshi, nikaiopoa sufuria nikaiweka chini.

Kukosekana kwa moshi ndiko kulikotuletea balaa. Mlinzi alipita, akasikia harufu ya maharagwe, akatazama paa, hakuona kitu. Akaamua kwamba tunapikia makaa ya miti ya bosi wake. Kule kwetu mtu akiwa na makaa ya wizi huyafukia mchangani. Akaingia uani na rungu lake, akaipiga teke sufuria, maharagwe yakamwagika yote. Nilisimama mbele ya pipa. Alinizaba kofi, mdomo ukajaa damu.

“Usiguse,” nikamwambia. “Huo mchanga ni moto.”

Akacheka. Moto gani hauna moshi wala wekundu? Akanisukuma nikaanguka, akapandisha mkono wa shati, akauzamisha mkono kwa nguvu zake zote ayachomoe hayo makaa.

Jamani, kile kilio. Ngozi ilibambuka kama ya nyanya iliyochemshwa. Majirani walitoka mbio na fimbo na mapanga, na safari hii hawakuja kutazama, walimzunguka mlinzi. Sitaficha, nilifurahi. Niliokota rungu lake mwenyewe nikitaka niwe wa kwanza kumpiga.

Mdogo wangu akatoka ndani, mkono mmoja umefungwa kwa kitenge. Kwa ule mzima aliburuta ndoo ya maji, akapita katikati yetu, akaushika mkono wa yule mwanamume akautumbukiza majini.

“Baba,” akamwuliza taratibu, “kuni umezipata?”

Mlinzi alilia tu. Mdogo wangu hakumwachia mkono. Akamwuliza tena.

“Hakuna kuni.”

“Na za siku ile?”

Alitazama fimbo, akatutazama sisi, akatazama kile kitenge.

“Hukuiba,” akasema. “Nilikupiga bure.”

Wote walisikia. Mdogo wangu ndipo akaanza kulia, yeye ambaye hakulia hata siku ya kuvunjwa. Mimi rungu bado nilikuwa nalo mkononi. Nikaliweka chini, nikainama kuokota maharagwe.