Maji ya Hema la Mwisho

Mtunza mahema wa kambi ya watalii, upande wa Lubudi, hakuacha kazi hata wageni walipoacha kuja. Mwaka ule migodi ya Kolwezi ilikuwa imelala, na watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa kana kwamba hawakuwa majirani wa jana. Yeye kila jioni alichemsha maji ya kuoga, akapita na ndoo kwenye mahema matupu, akiita kwa sauti ya upole, "Bageni, maji iko tayari." Akishaiweka chini, aligeuka akaondoka bila kutazama nyuma. Mignonne, mpishi, alidhani mzee amerukwa na akili, mpaka asubuhi moja alipokuta ndoo ya hema la mwisho imekauka na turubai lake likitikisika bila upepo.

Kisha wakaja vijana wenye mapanga, wakiwasaka watu wa Kasai. Mzee alikuwa akikung'uta viatu vilivyosahauliwa na watalii, nge wasilale humo. "Hapa hakuna muntu, batoto yangu," alisema. Ndani ya hema la mwisho, mtoto akakohoa. Mzee papo hapo akainamia kiatu akakohoa naye, kikohozi chembamba, mpaka machozi yakamtoka. Huko jikoni Mignonne akajikuta anakohoa vilevile.

"Hawa biko na kifua," kijana mmoja alisema, akirudi nyuma asiambukizwe. Wakaondoka.

Jioni Mignonne mwenyewe alipeleka sahani ya bukari, ugali wa huko, kwenye hema la mwisho. Akabisha hodi, akaiweka chini, akageuka. Aliposikia zipu ikifunguliwa nyuma yake, hakutazama.