Shilingi ya Yona

Sarafu ikidondoka sakafuni, hadi leo nasimama kuisikiliza mpaka inyamaze. Wanangu hunicheka, wanadhani ni ubahili.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipopata sabuni tena na marobota ya mitumba yakaanza kushuka na treni pale kwetu Gulwe. Siku moja treni ilimshusha pia mzee mmoja wa Makole, mjini, mnunuzi wa shilingi za fedha za Mwingereza, zenye simba upande mmoja na kichwa cha mfalme upande wa pili. Watu walizifukua walikozificha babu zao. Baba naye akamvua mdogo wangu Yona ya kwake.

Yona alizaliwa baada ya Mama kuzika watoto wawili. Bibi aliitoboa shilingi ile, akamfunga shingoni kwa uzi wa ushanga, akasema uhai wa mtoto utakaa humo. Baba alikuwa mtu wa kanisa, hakuyataka hayo, tena mahindi yalikuwa yamekwisha ghalani.

Mnunuzi alidondosha kila shilingi juu ya jiwe, akatega sikio. Nzima zililia kwa sauti nyembamba, ndefu, mpaka meno yakaniuma. Ya Yona iligonga, ko, basi. Akairudia. Ko. Naapa hata kuku walinyamaza.

"Hii hapana, ndugu yangu," akamwambia Baba. "Haina sauti."

Mama aliweka ungo chini. Akamtazama Yona, aliyekuwa akimung'unya ubuyu kwa raha zake, kisha akauliza taratibu, "Tangu lini?"

Mnunuzi hakulielewa swali. Sisi tulilielewa.

Kuanzia siku ile Mama alimpakulia Yona kwenye sahani ya wageni. Hakumkemea tena wala kumpakata. Baba alisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tumwache. Mwanzoni niliona wivu. Baadaye niliogopa; kila Yona aliposinzia mchana, niliweka kiganja puani pake.

Nilikuwa mtu mzima sonara mmoja aliponieleza kwamba sarafu iliyotobolewa, ikipata ufa, hailii tena. Kumbe ni tundu la Bibi tu! Nilipanda basi siku hiyohiyo kumwambia Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Lakini nilishamlilia. Nilimaliza."

Uani, Yona alikuwa akimpasulia kuni.